Ukuta wa Chokaa na Kosa Langu la Saruji

Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu wenye kushika nyumba za kale, juma hili naomba niyaweke kando masuala ya twahara na mirathi, nizungumze juu ya ukuta.

Ukuta wenyewe uko Mkomani, mjini Lamu, katika nyumba ya mawe ambayo marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alimpa dada yangu mkubwa alipoolewa. Ndiyo ada ya wazee wetu. Binti wa nyumba ya mawe huolewa akiwa na paa lake. Mwenye uwezo alimjengea ubavuni mwa nyumba ya mama yake, au juu yake, au ng'ambo ya uchochoro, kisha nyumba mbili zikaunganishwa kwa wikio ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Kwa hiyo nawaandikia wanawake kwanza, maana ukuta ukiharibika, mara nyingi ni mali ya mwanamke iliyoharibika.

Miaka sita iliyopita lipu ya chumba cha ndani ilianza kubanduka. Nami, kwa kutaka kumpumzisha dada, nikaleta fundi wa saruji. Aliibomoa chokaa yote ya kuta tatu, akapiga saruji nzito, akamalizia kwa rangi ya mafuta. Ukuta wa nne, wenye zidaka, uliachwa kwa kuwa dada alikataa katakata nakshi zake zisiguswe. Siku nne kazi ikaisha. Kuta ziling'aa, nami nikapokea dua nyingi nisizozistahili.

Masika ya pili rangi ikafanya malengelenge. Masika ya tatu harufu ya ukungu ikaingia katika nguo za sandukuni, na dada akaanza kukohoa usiku. Baadaye boriti mbili za dari zikalainika pale zinapoingia ukutani, hata ukizibonyeza kidole kinazama. Hapo ndipo dalali alipobisha hodi. Alisema nyumba imeoza, na ni heri kuuza ingali na bei. Dada hakumjibu. Alinitazama mimi.

Tukamwita mwashi mzee, mtu aliyefunzwa kazi na babake. Aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena. "Maalim," akaniambia, "maji yamo humu yanatafuta mlango. Nani aliyeufunga?" Nikamjibu kuwa ni mimi.

Alivyonieleza ni hivi. Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, nayo yana vitundu vingi. Hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, na maji hayo hubeba chumvi. Chokaa huyaacha yatoke polepole hewani. Chumvi ikifika usoni, huivunja lipu ya juu, nayo lipu huanguka vipande vipande. Basi hurekebishwa, na jiwe lililo nyuma hubaki salama. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na haipitishi unyevu kwa wepesi. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na hatimaye hufika kwenye boriti za mikoko. Rangi ya mafuta, na hata ya plastiki, huongeza balaa juu ya balaa.

Dawa yake ni kuiondoa saruji, taratibu, kwa patasi na nyundo ndogo, maana ikibanduliwa kwa pupa hung'oka na jiwe. Kisha ukuta huachwa wazi ukauke, kwa miezi na si kwa siku, na chumvi inayotokeza hufagiliwa kwa brashi kavu. Lakini kwanza itafutwe njia ya maji: mfereji wa paa uliopasuka, sakafu ya paa yenye ufa, bomba la hamamu linalovuja. Sisi tulikuta bomba.

Chokaa nayo ina adabu zake. Ile iliyotoka tanuri, ikitiwa maji, huchemka kwa ukali na yaweza kumpofua mtu. Watoto wasikaribie, na anayeizima afunike macho na mikono. Baada ya hapo huachwa ndani ya maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ya mifuko inayouzwa dukani iwe mpya, kwa kuwa iliyokaa wazi hewani huwa imekwisha nguvu. Mwashi wetu alichanganya fungu moja la chokaa na mafungu matatu ya mchanga uliooshwa chumvi. Mchanga msiuchimbe katika vilima vya Shela. Huko ndiko yalikohifadhiwa maji tunayokunywa. Mashimo hutomewa kwa vijiwe, lipu hupigwa kwa matabaka membamba, na kila tabaka hunyunyiziwa maji siku kadhaa lisikauke kwa haraka likapasuka. Mwisho hupakwa chokaa nyepesi, mara nne au tano.

Fundi akikuambia kuwa chokaa na saruji ni mamoja, au akataka kutia saruji "kidogo tu ishike upesi", mshukuru na umtafute mwingine. Na kwa kuwa mji wa kale wa Lamu unalindwa, na tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, zungumzeni na ofisi ya uhifadhi kabla ya kubomoa chochote.

Kila Ijumaa tunasoma katika Suratul Kahf habari za ukuta wa mayatima wawili uliokuwa karibu kuanguka, nao ukasimamishwa bila ujira. Nimeisoma tangu utotoni, na kila mara niliyafikiria maana yake ya ndani. Ukuta wenyewe, udongo na mawe yake, sikuwahi kuufikiria.

Saruji tuliitoa mwanzoni mwa kaskazi. Boriti mbili zimebadilishwa. Dada analala msanani kwa sasa, na kikohozi kimepungua. Kuta zingali uchi, mawe yanaonekana, na kila asubuhi yeye hufagia unga mweupe wa chumvi kwa brashi, akaukusanya kwenye karatasi ili anionyeshe nikimzuru. Dalali alirudi mwezi uliopita. Dada alimpa kahawa, akamwambia nyumba haiuzwi.