Saa ya Kampala Ilikuwa ya Nani?

Akitokea mtu Musoma au Bunda anauza saa ya mkono ya zamani, akidai babu yake aliitoa Kampala mwaka 1979, mnunuzi hujiuliza kwanza kama ni kweli. Mkoa wa Mara, ilipo miji hiyo, ulitoa askari wengi katika Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, na Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 ya jeshi la Tanzania ndani ya Uganda, alikuwa mzaliwa wa Butiama, kwa hiyo madai ya namna hii huaminika upesi. Fundi saa anaweza kuyapima. Akifungua mfuniko wa nyuma, namba za saa huweza kumwonyesha takribani mwaka ilipotengenezwa, na huenda akakuta alama ndogo zilizokwaruzwa na mafundi waliomtangulia. Saa ya mwaka 1983 haikuwapo vitani. Lakini umri unaofaa hauthibitishi safari, na hata sifa ya mnada mkubwa si kinga: Novemba 2021 Omega moja iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3, na mwaka 2023 kampuni yenyewe ikatangaza kwamba ilikuwa imeungwa kwa vipuri vya saa mbalimbali.

Kwangu mimi, swali zito huanza pale hadithi inapothibitika. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, maduka na nyumba ziliporwa, wakazi wa mji wakiwa miongoni mwa waporaji. Yawezekana askari aliinunua saa hiyo kwa mshahara wake. Lakini kama aliichukua, ilikuwa ya nani? Labda ya ofisa wa Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo. Na huyo je, aliipata wapi? Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, wakaacha maduka na majumba, na wengine wakanyang'anywa vito na fedha kwenye vizuizi vya barabara ya Entebbe. Saa moja yaweza kuporwa mara mbili. Kadiri muuzaji anavyothibitisha kwamba ilitoka vitani, ndivyo haki yake ya kuiuza inavyopungua.

Wauzaji watasema ni nyara, na kwamba majeshi ya Amin ndiyo yaliyovamia Kagera Oktoba 1978, yakaua watu na kuswaga ng'ombe wao. Uchungu huo ni wa haki kabisa. Hata hivyo Mkataba wa Geneva wa 1949 unakataza kupora raia, awe nani aliyeanza vita, na mwenye duka wa Kampala hakuivamia Kagera. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mwenyewe hapatikani, pengine alishafia uhamishoni Leicester, Uingereza. Lakini herufi za jina au tarehe ya harusi iliyochongwa mgongoni mwa saa inaweza kutufikisha kwa mjukuu wake, ila zikisuguliwa ili saa ing'ae, njia hiyo imekatika. Mwenye saa kama hiyo apige picha mgongo wake, aandike maneno ya mzee pamoja na jina la kikosi chake wakati wazee wa vita wangalipo wa kuulizwa, kisha apeleke maelezo hayo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, kabla ya kutaja bei kwa yeyote.