Pande Sita za Sigala: Wajibu wa Watu kwa Wenzao katika Mafundisho ya Buddha

Aghalabu dini ya Kibuddha huchukuliwa kuwa ya watawa waliojitenga na ulimwengu. Mtazamo huu ni finyu. Katika Digha Nikaya, mojawapo ya mikusanyiko ya maandiko yaliyohifadhiwa kwa Kipali, hotuba ya 31 iitwayo Sigalovada Sutta inamlenga mtu mwenye nyumba, kazi na jamaa.

Kisa chenyewe kinatokea Rajagaha, mji ambao leo ni Rajgir katika jimbo la Bihar, India. Kijana Sigala, nguo na nywele zikiwa zimelowa, anasujudia mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Anapoulizwa sababu, anajibu kwamba anatimiza wasia wa marehemu babake. Buddha anamweleza kwamba pande hizo haziheshimiwi hivyo, kisha anazipa maana mpya. Mashariki ni wazazi, kusini ni walimu, magharibi ni mke na watoto, kaskazini ni marafiki, chini ni watumishi, na juu ni watawa na makuhani.

La kuzingatiwa ni kwamba kila uhusiano una wajibu kwa wote wawili. Mwanafunzi anatakiwa amstahi mwalimu, amhudumie na ajifunze kwa bidii. Mwalimu naye hana budi kumfunza barabara, asimfiche elimu, na amsifu mbele ya rafiki zake. Mume anatakiwa amheshimu mkewe na awe mwaminifu kwake. Bwana anatakiwa agawe kazi kulingana na nguvu za mtumishi, ampe chakula na ujira, amuuguze anapougua na ampe mapumziko.

Ni kweli kwamba usawa kamili haupo: mtumishi bado anatarajiwa kuamka kabla ya bwana wake na kulala baada yake. Hata hivyo, mkubwa hapewi heshima ya bure.

Kuhusu urafiki, hotuba inataja marafiki wanne wa uongo: mwenye kuchukua tu, mwenye maneno matupu, mwenye kujipendekeza, na mwenzi wa anasa. Rafiki wa kweli hamtupi mwenzake taabuni, sawa na wasemavyo wahenga wa Kiswahili kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa hivyo, mzazi, mhadhiri au mwajiri anayelalamika kuwa haheshimiwi anapaswa kujiuliza kwanza iwapo ametimiza wajibu wake.