Koleo la Taa: Kuzima au Kutengeneza?



Baadhi yenu mmetuuliza: kile kikombe kidogo cha chuma chenye mpini mrefu, ambacho ndugu zetu Wakatoliki wanazimia mishumaa ya altare, kina maana gani? Tuanze na kazi yake. Ukipuliza mshumaa, nta ya moto inaruka, na cheche ya utambi inaweza kuangukia godoro. Kikombe kinafunika mwali, hewa inakatika, moto unakufa. Hakuna pepo ndani yake, wala upako. Hapa kwetu Minova, ambako buji inawaka usiku katika nyumba za mbao na mahema ya wakimbizi, kopo tupu la nyanya likigeuzwa juu ya buji linafanya kazi ile ile. Lifanyeni hivyo, msipulize karibu na chandarua.

Lakini Biblia inatuonyesha chombo kingine. Katika Kutoka 25:38 Mungu anamwagiza Musa koleo na visahani vya dhahabu safi kwa kinara cha taa saba. Utambi ukiwaka muda mrefu, ncha yake inakuwa kaa, taa inatoa moshi na nuru inapungua. Koleo linaondoa kile kilichoungua, kisahani kinakipokea. Kutoka 30:7-8 inasema Haruni alizitengeneza taa asubuhi na kuziwasha jioni. Hata mishumaa ya zamani ilihitaji kukatwa utambi mara kwa mara, mpaka Wafaransa walipoleta utambi wa kusukwa katika miaka ya 1820.

Oneni tofauti: kikombe kinazima, koleo linatengeneza ili taa iendelee kuwaka. Hekaluni kuhani alikuwa na koleo mkononi.

Hapo sisi wachungaji tunahukumiwa. Dada mmoja wa kwaya aliacha kuja mazoezini. Tulikutana, tukaondoa jina lake, hatukumtembelea hata siku moja. Baadaye tulijua kwamba alikuwa anabeba mizigo sokoni mpaka giza, kwa sababu nyumbani mwake walikuwa wamefika jamaa saba waliokimbia vita. Taa yake ilitoa moshi kwa kukosa mafuta, na sisi tukaleta kikombe. Tulikwenda kwake kuomba msamaha, tukapeleka na unga. Leo anaimba tena.

Isaya 42:3 inatuonyesha Mtumishi wa Bwana mbele ya utambi unaofuka moshi: haumalizi. Dhambi iondolewe, ndiyo, kwa maana kaa likibaki nuru haitoki. Lakini anayeshika koleo anakaribia, anainama, anaangalia vizuri asikate utambi mzima.

Juma hili, kabla ya kusema juu ya ndugu aliyepoa, nenda kwake kwanza. Uulize amekula nini.

Mungu awabariki. Amina.