Trekta kuukuu la Walukuba: Kagua mkono kabla ya injini

UKITAKA kununua trekta kuukuu la kuchimba mitaro, lile lenye sepetu kubwa mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, usianze na injini. Hayo ndiyo maneno ya mafundi wa Walukuba, hapa Jinja, na baada ya miezi minne ya kulifufua la kwangu nayaamini kabisa.

Huku yote huitwa JCB, hata yasiyotoka kwa kampuni hiyo ya Uingereza iliyotoa lake la kwanza la aina hii mwaka 1953. Langu ni Massey Ferguson 50B la miaka ya 1970. Nililikuta limelala uani, gurudumu moja halina upepo, mche wa mpapai umeota kando ya kiti.

Msomaji atauliza, kwa nini Walukuba? Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, wakati viwanda vilipofuata umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Walikuja Wasamia, Wajaluo, Wateso na wengineo, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza Wakenya wengi waliokuwa vibarua. Mwaka 1972 Amin akawafukuza Waasia na viwanda vikadorora. Lakini ujuzi wa kukereza na kuchomelea vyuma haukufukuzwa. Anayerudi leo na akiba yake kutoka Dubai au Nairobi bado atapata hapa mtu wa kumkerezea pini kwa siku moja.

Nilikwenda kulikagua na mzee mmoja aliyestaafu kiwandani. Tuliazima betri, injini ikawaka kwa moshi mwingi, na mwenye mali akaanza kuisifu.

"Mwanangu, injini tumeisikia," mzee akamwambia. "Sasa niinulie mkono."

Mkono ulipofika juu akaamuru injini izimwe, akakaa chini kutazama. Ukaanza kushuka wenyewe, taratibu kama mtu anayesinzia. Haikufika dakika tano ndoo ikagusa ardhi. Maana yake mafuta yalikuwa yanapenya ndani, ama kwenye sili za silinda ama kwenye vali. Kisha akaitikisa ndoo kwa gogo: pini zilikuwa zikicheza upana wa kidole gumba. Mwisho akamulika tochi pale mkono unapoungana na mwili wa trekta na kugeukia kushoto na kulia. Hapo alitafuta nyufa zilizochomelewa na kufichwa kwa rangi. Hakuona. Angeziona, tungerudi nyumbani.

Sababu yake ni nyepesi. Massey Ferguson ilinunua kampuni ya injini ya Perkins mwaka 1959, kwa hiyo injini ya langu ina ndugu wengi katika matrekta ya shamba. Mafundi wanaohudumia mashamba ya miwa ya Kakira wanazijua kama viganja vyao. Mkono hauna ndugu. Kila pini ni ya kupima na kukereza upya.

Mwenye mali alitaka shilingi milioni 24. Kwa ushahidi wa ule mkono nikalipa 17. Matengenezo yalikula milioni 11, na zaidi ya nusu iliingia mkononi, si kwenye injini.

Hapo pesa nyingi hupotea kwa haraka. Watu hununua sili mpya na kuzipachika kwenye fito za silinda zilizoliwa na kutu. Fito likiwa na mashimo, hata madogo kama chembe ya chumvi, huikata sili mpya kwa siku chache na mafuta yakaanza kutiririka tena. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama, fito liende kwa mkerezaji kwanza. Usafi nao ni nusu ya kazi. Tulimwaga mafuta yote ya haidroli, tukaosha tangi, tukaweka chujio jipya, na kila mdomo wa paipu ukafungwa nailoni usiku.

Sili nilizipata Nairobi, barabara ya Kirinyaga, nikiwa na zile kuukuu mfukoni kama kipimo. Kwa wenzangu wa Busia na Malaba: cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa za asili ya Afrika Mashariki. Sili ya Uingereza au India haimo. Tangaza, lipa, tunza risiti. Na kabla ya yote, linganisha namba iliyogongwa kwenye trekta na ile ya logibuku. Vyuma vya uani vina warithi wengi.

Sasa linachimba mashimo ya vyoo na mitaro ya mabomba, Walukuba hadi Masese. Kazi ya kwenye kinamasi naikataa mteja asipokuwa na kibali cha mazingira. Mbale nako wananiita, hasa kwa mifereji, tangu mafuriko ya Julai 2022 yaliyoua watu. Lakini trekta kuukuu halitembei barabarani mwendo wote huo. Hubebwa na lori, na nauli ya lori ni ya kwenda na kurudi. Kazi ya Mbale isipofika siku tano, namwambia mteja atafute la karibu.