Itumie Grainda kwa Hadhari

Bwana Mkulima na Bibi Mkulima, wengi wenu sasa mna umeme nyumbani. Tena wengine, wakivuka kwa feri ya Likoni au wakipita Daraja la Nyali kwenda Mombasa Kisiwani kuuza nazi na mihogo, hurudi na mashine ndogo ya kusugulia na kunolea chuma. Mashine hiyo mafundi huiita grainda. Ukipita vichochoro vya Mji wa Kale utaisikia ikilia: fundi aondoa kutu katika vyuma vya dirisha, au alainisha mahali alipochomelea lango. Shambani pia yafaa sana kwa jembe, panga na shoka. Lakini mtu asiyeijua itamdhuru.

Mkulima mmoja wa skimu alifika mezani pangu kuandikisha mbegu, jicho moja limefungwa kitambaa. Alikuwa amenoa panga kwa muda wa dakika tatu tu, bila miwani. Kibanzi cha chuma kikamwingia jichoni. Akalisugua, akalala nalo siku mbili kabla ya kwenda hospitali. Jicho lile halikupona. Siku ile ilinipasa kumwekea kidole penye mstari ili atie sahihi yake. Nawaambieni, bei ya miwani ya kazi haizidi bei ya kuku mmoja.

Kwa nini mashine ndogo hivi iwe na hatari kubwa? Sababu ni mwendo wake. Grainda ya diski ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika moja. Ukingo wa diski hukimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa, karibu mara tatu ya mwendo wa kilomita 80 ambao sheria humruhusu dereva wa basi. Diski ikipasuka, vipande vyake huruka kwa mwendo huo huo. Basi yafuateni mambo haya.

1. Chagua diski ipasayo. Diski nyembamba, ya milimita 1 hadi 3, ni ya kukatia tu. Usisugue chuma kwa ubavu wake, maana itavunjika. Diski nene, kama milimita 6, ndiyo ya kusagia chuma. Kwa kupiga msasa iko diski yenye vipande vya msasa vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Soma mwendo ulioandikwa juu ya diski: usiwe chini ya mwendo ulioandikwa juu ya mashine. Wako watu ambao huondoa kifuniko cha grainda ndogo ili watie diski kubwa ya milimita 230. Hilo ni kosa kubwa mno. Diski hiyo haikuundwa kuzidi mizunguko kama 6,600 kwa dakika, nayo mashine yaizungusha 11,000. Tazama pia tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski. Diski iliyopitwa na tarehe, iliyolowa, iliyopata ufa au iliyoanguka, itupe. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo weka diski zako mahali pakavu.

2. Chomoa waya wa umeme kabla ya kubadili diski. Kaza nati kwa spana yake. Kifuniko kikae kati yako na diski. Diski ikiwa mpya, iache izunguke bure dakika moja, mbali na watu, kabla ya kuanza kazi.

3. Vaa vizuri. Vaa miwani iliyoziba pembeni, na ngao ya uso juu yake ukiwa nayo. Ziba masikio, funika pua kwa barakoa ya vumbi, vaa viatu vilivyofunika vidole. Kanzu, kikoi, leso na mikono mipana ya shati hunaswa na kuvutwa na mashine. Kama umeajiri kibarua, mpe vifaa hivi, kwani ndivyo isemavyo sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007.

4. Tengeneza mahali. Cheche huruka mbali, basi usifanye kazi karibu na makuti, majani makavu wala petroli. Pipa lililowahi kutiwa petroli usilikate kamwe, hata likiwa tupu, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka. Chuma unachosugua kibane kwenye jiliwa. Usikishike kwa mkono wala kukikanyaga kwa mguu. Watoto wakae mbali.

5. Shika mashine kwa mikono miwili, mmoja kwenye mpini wa pembeni. Iwashe kwanza, ipate mwendo wake, ndipo uiguse kazi polepole. Diski ya kusagia iinamishe nyuzi 15 hadi 30. Usikandamize; diski ndiyo ifanyayo kazi. Usisimame sambamba na diski, kwani ikinaswa mashine hurudi nyuma kwa nguvu. Ukimaliza, izime, ngoja mpaka isimame kabisa, ndipo uiweke chini.

6. Usiunguze jembe lako. Chuma cha makali kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha, nacho hakikai na makali tena. Noa kidogo, chovya majini, noa tena. Malizia kwa tupa.

Sasa neno juu ya mbao. Usifunge diski ya msumeno wenye meno kwenye grainda, maana imekata vidole vya watu wengi. Tena rangi za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ukiwa na mlango wa kale kama ile ya Mji wa Kale, usiusugue kwa mashine. Vumbi litajaa nyumbani, na nakshi iliyochongwa kwa siku nyingi italika mara moja. Tumia msasa wa maji kwa mkono, kisha futa vumbi kwa kitambaa kibichi.

Jambo la mwisho. Kibanzi kikiingia jichoni, usilisugue, wala usimwachie jirani akitoe kwa kijiti au ncha ya leso. Funika jicho pasipo kulikandamiza, uende hospitali siku ile ile. Chuma hushika kutu ndani ya jicho, na kila siku ipitayo huzidisha madhara.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini nyingi za ajali za mashine hii zina kinga: miwani, kifuniko, diski ipasayo na subira. Mkulima, mikono yako na macho yako ndiyo shamba lako la kwanza. Yatunze.