Afisa Utamaduni Anafanya Kazi Gani? Mfano wa Kuta za Philadelphia

Muhula uliopita wanafunzi wetu wa mwaka wa pili walikutana na cheo cha "afisa utamaduni" katika gazeti la Tanzania. Mmoja aliuliza: huyu anafanya kazi gani zaidi ya kuandaa ngoma za kupokea wageni? Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Nilimjibu kwa mfano kutoka mji wa Philadelphia, Marekani.

Mwaka 1984 Meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na grafiti, yaani majina na alama ambazo vijana walikuwa wakizipulizia rangi kwenye kuta za watu. Akaajiriwa mchoraji Jane Golden ili afanye kazi na vijana hao. Waliotia saini ahadi ya kuacha uharibifu walipata nafasi ya kujifunza uchoraji. Golden aliona kwamba wengi wao walikuwa na kipaji, ila hawakuwa na ukuta halali. Mwaka 1996 kazi hiyo ikawa Mpango wa Sanaa za Ukutani, naye akawa mkurugenzi wake. Tangu 1984 zimechorwa picha zaidi ya 4,000.

Idadi hiyo ni kubwa, lakini kilichonivutia zaidi ni namna picha zinavyotengenezwa. Wachoraji wengi wa mpango huo hawapandi ukutani. Picha hugawanywa katika vipande vya mraba, kila kimoja kikichorwa juu ya kitambaa chembamba cha aina ya parachuti, kisha vyote hubandikwa ukutani kwa gundi maalumu. Kwa hiyo mtoto wa shule, mzee asiyeweza kupanda ngazi, hata mfungwa asiyeweza kutoka gerezani, wote huchora ukuta mmoja.

Hapo ndipo lilipotokea jambo gumu. Wafungwa wa gereza la Graterford, lililokuwa nje ya mji (lilifungwa 2018), walikubali kushirikiana na watu waliotendewa uhalifu kubuni picha kuhusu uponyaji. Walipokutana, hawakuelewana. Mfungwa alitaka aonekane kuwa amebadilika; aliyefiwa na mtoto wake hakuwa tayari kuona majuto ya muuaji yakipewa nafasi sawa na kilio chake. Mwaka 2004 zilizinduliwa kuta mbili katika barabara ya Germantown, si moja: ukuta wa safari ya waathiriwa na ukuta wa safari ya wafungwa. Mchoraji aliyeongoza kazi hiyo ni Cesar Viveros, na filamu ya "Concrete, Steel & Paint" (2009) inasimulia mivutano hiyo. Walimu wanaofundisha mjadala wataona inafaa darasani.

Kwa maoni yangu, kuta mbili zilikuwa kazi bora kuliko ukuta mmoja wa upatanisho wa kulazimisha. Afisa mwenye haraka ya kumwonyesha meya matokeo angechora mikono miwili ikishikana, akaalika wapiga picha.

Tusidanganyane, rangi haizuii risasi. Mwaka 2021 Philadelphia ilirekodi mauaji zaidi ya 500. Hadi kufikia 2024 yalikuwa yamepungua sana, na sioni haki ya kuzipa kuta sifa hiyo, kama nisivyoona haki ya kuzilaumu kwa mwaka 2021. Walichopata wale watu ni mahali pa kukaa pamoja na kubishana wakiwa na brashi mkononi.

Neno moja la ziada kwa walimu. Nimeandika "waathiriwa" kwa kauli ya kutendwa, ingawa magazeti ya Tanzania hupendelea "waathirika". Nilipowaomba wanafunzi wachague, waligawanyika nusu kwa nusu. Mmoja akasema mama aliyeuliwa mwanawe hakuathirika tu, kuna mtu aliyemtendea. Bado tunabishana.