Sabinyo, Mlima Unaopandwa kwa Mikono na Miguu

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, wilayani Kisoro, imesimama milima mitatu iliyojipanga mpakani kama askari walio katika gwaride. Wa kwanza ni Muhavura, wenye mita 4,127. Wa pili ni Gahinga, wenye mita 3,474. Na wa tatu, upande wa machweo, ni Sabinyo, ambao urefu wake wapita mita 3,600. Muhavura ndio mrefu, na kwa ajili hiyo ndio unaosifiwa zaidi. Lakini Muhavura hudai pumzi tu na subira. Sabinyo hudai moyo pia, maana hapo pana mahali ambapo miguu peke yake haitoshi, na mtu hana budi kutumia mikono.

Jina lake latokana na neno la wenyeji lenye maana ya jino. Mtu akiutazama mlima huo kutoka mjini Kisoro asubuhi isiyo na mawingu, hatauliza sababu: vilele vyake vimechongoka na kuachana kama meno yaliyosalia katika kinywa cha mzee. Zamani ulikuwa mlima wa moto. Sasa umezimika, na mvua za miaka mingi zimeutafuna mpaka ukabaki na magenge na makorongo.

Wako vijana, hasa wale waliopitia mafunzo ya jeshi au ya polisi, wanaodhani kwamba mlima wa siku moja ni jambo la kwenda peke yao, pasipo kumwambia mtu. Kwa Sabinyo haiwezekani. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gorila ya Mgahinga, iliyoanzishwa mwaka 1991, na kila mgeni huongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Mgeni aweza kuwa mmoja tu, bila rafiki wala ndugu, lakini askari wa hifadhi hamwachi. Msituni mna nyati, na nyati aliyeshtuliwa katika mianzi hatoi onyo. Zaidi ya hayo mlima wenyewe ni mpaka wa nchi tatu, na ng'ambo ya mpaka huo amani haikudumu kila mwaka. Mji wa Bunagana ulipotekwa mwezi Juni 2022, maelfu ya watu wa Kongo walivuka wakaingia Kisoro wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Kwa hiyo, kabla ya kufunga safari, yafaa kuuliza kama njia iko wazi.

Hata hivyo, mgeni aliye mmoja husafiri katika upweke wa namna yake. Hana mwenzake wa kumsingizia uchovu. Akitaka kupumzika, ni yeye aliyetaka. Akitaka kurudi, ni yeye aliyeshindwa, au ndivyo atakavyojiambia. Askari wa hifadhi aujua mlima, lakini hawezi kuhisi kifua cha mgeni wake kinavyobana wala magoti yake yanavyotetemeka.

Safari huanzia lango la Ntebeko, kilomita 14 hivi kutoka mjini Kisoro, nayo huchukua saa nane hivi kwenda na kurudi. Pembezoni mwa hifadhi umejengwa ukuta wa mawe ili nyati wasivamie mashamba ya viazi. Mara baada ya lango, njia hupita mahali palipokuwa makazi na mashamba ya watu, ambapo sasa msitu unarudi polepole. Haifai kupita hapo pasipo kuwakumbuka Batwa, waliouishi msitu huo kwa vizazi na vizazi kabla ya kuondolewa ilipoanzishwa hifadhi. Wao waliujua mlima bila ngazi na bila ramani.

Kisha huja mianzi, mirefu, myembamba, iliyosongamana hata jua likawa kama limetiwa pazia. Humo huishi kima wa rangi ya dhahabu, wanaopenda machipukizi ya mianzi. Njia bado ni ya upole, na kosa la wengi hufanyika hapa: hutembea kwa mwendo wa kuonyesha nguvu. Toka lango mpaka kilele cha mwisho ni kupanda kiasi cha mita 1,200 na zaidi, na huko juu pumzi moja huingiza hewa kama theluthi mbili ya ile apatayo mtu wa pwani. Mwendo unaofaa ni ule unaomruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Kichwa kikianza kugonga na tumbo kuchafuka, dawa ni kushuka.

Baada ya mianzi mlima husimama wima. Miti huwa mifupi na iliyopinda, imevikwa kuvu za kijani zinazoning'inia kama ndevu, na njia hushika mgongo mwembamba. Upande wa kushoto ni Rwanda, upande wa kulia ni Uganda, na pande zote mbili ni korongo. Majani huficha kina chake. Jicho huona bustani mahali ambapo mguu ukikosea haupati pa kukanyaga.

Hapo ndipo zinapoanza ngazi. Ni ngazi za miti zilizopigiliwa misumari, nyingine zimeegemezwa kwenye miamba, nyingine zimelala juu ya tope. Zikiwa kavu hupandika vizuri. Zikiloa huteleza kama sabuni. Kanuni yake yafanana na ile anayofundishwa kuruta katika kupanda kuta: viungo vitatu vishike, kimoja tu ndicho kiende. Mikono ishike ngazi yenyewe au mzizi ulio hai, kamwe isishike mti uliokauka. Glavu za ngozi, hata zile za kazi za shamba, zina thamani kuliko buti jipya. Tena buti jipya lisivaliwe kabisa mlimani. Livaliwe nyumbani majuma kadhaa kwanza, na mama wa nyumba atavumilia kishindo chake.

Yeye mama ana sehemu kubwa katika safari hii kuliko inavyodhaniwa. Viazi vilivyochemshwa, mayai, ndizi mbivu na chupa ya chai yenye sukari ya kutosha humfikisha mtu mbali. Sweta na koti la mvua vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda mita 1,000 baridi huzidi kwa nyuzi sita hivi, na nguo iliyoloa ni sawa na kutovaa kitu. Tochi itiwe hata kama safari ni ya mchana. Na aachiwe nyumbani saa iliyoandikwa kwenye karatasi: mtu ameondoka lini, na atazamiwe lini.

Kilele cha kwanza hufikiwa na wengi walio na afya. Kutoka pale njia hushuka kidogo, kisha hupanda tena kwenda cha pili, na aliyesimama juu ya cha pili huona cha tatu mbele yake kikiwa kama ukuta, na ngazi zikining'inia juu yake. Kwa kawaida ni mchana wakati huo, na mawingu yameanza kupanda kutoka mabondeni. Mtu amechoka, lakini si sana. Amekuja kwa ajili ya kilele cha tatu. Nauli ameilipa, na wenzake kambini watamwuliza.

Hesabu ya hapo ifanywe kwa saa, wala si kwa hamu. Jua la Kisoro huzama karibu saa moja jioni, na ndani ya mianzi giza hutangulia. Ngazi zote zilizopandwa zitashukwa, uso ukiielekea ngazi, kwa magoti yaliyochoka, pengine katika mvua. Aliyeondoka langoni saa mbili asubuhi, akifika saa saba mchana hajaanza kukwea ukuta ule wa mwisho, na ageuke. Askari wa hifadhi akisema "turudi", hilo ni agizo, hata kama mgeni ana nyota begani.

Aliyewahi saa yake hukwea kwa mikono na miguu mpaka juu, na pale husimama mahali ambapo Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hukutana. Aweza kuzizunguka nchi tatu kwa hatua chache. Wingu likifunguka, mashariki huonekana Gahinga na Muhavura, na upande wa machweo Bisoke, Mikeno na Karisimbi, wenye mita 4,507. Jambo la kuchekesha ni saa: ikiwa ni saa saba kwa saa ya Uganda, ni saa sita tu kwa Rwanda na kwa Goma, na mtu mmoja amesimama katika saa zote mbili.

Mpaka huo wenyewe una kisa. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipogawana Afrika ya Mashariki, Waingereza walitaka mlima ulioitwa Mfumbiro uwe wao, hali hakuna hata mmoja katika waliotia saini aliyejua kwa hakika mlima huo uko wapi. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1910, Wabelgiji nao wakiwa mezani, ndipo mstari ulipopitishwa juu ya vilele hivi. Wenyeji wa chini, wenye jamaa pande zote, hawakuulizwa.

Kukaa juu ni dakika chache. Chai hunywewa, sweta huvaliwa, askari wa hifadhi huitupa bunduki yake mgongoni na kutangulia ngazini, akimwonyesha mgeni pa kuweka mguu. Kushuka huchosha mapaja na huhitaji uangalifu kuliko kupanda. Saa kumi na moja hivi ukuta wa mawe huonekana tena, na nyuma yake wanawake wakichimba viazi.